Mjomba, Njoo Uichukue Saa Yako

Mbalizi, Alhamisi

Kwa Mjomba Liberatus,
Ipogolo, Iringa.

Shikamoo mjomba. Huku wazima, baridi tu. Barua hii nampa kondakta wa basi akushushie hapo Ipogolo, maana kwenye simu mimi naishiaga kwenye salamu.

Mjomba, asante kwa ile saa ya rangi ya dhahabu yenye vijiwe vinavyometameta duara zima. Ulisema kijana wa umri wangu lazima awe na kitu mkononi. Sasa naomba kwa heshima zote uje uichukue. Sababu zangu ni hizi.

1. Kazi. Unajua nabeba magunia ya viazi hapa sokoni. Siku ya kwanza nimeivaa, mama Veneranda, mwenye viazi, alininyang'anya gunia. Akasema, “Samahani bosi, nilidhani ni yule Lugano.” Nikamwambia ndiye mimi. Akasema bosi ana utani. Nikaificha chini ya sweta, ikawa mbaya zaidi, wakasema wenye nacho ndivyo walivyo, hawajionyeshi. Nikaiacha nyumbani. Wakasema imekwenda kusafishwa. Na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza saa ngapi.

2. Kanisani. Benchi langu ni la nyuma kabisa, nawaona wote na wao hawanioni. Mzee wa kanisa akanishika mkono mpaka mbele. Jua likaingia dirishani likapiga vile vijiwe, vinyota vikajaa ukutani, watoto wakaanza kuvifukuza kwa macho. Nikaona aibu, nikasogeza mkono. Vikahamia kwenye uso wa mchungaji. Nikasogeza tena, vikamwingia machoni, akapoteza mstari, akasema amina. Mlangoni watu wamenishukuru kwa ibada fupi. Wameniomba Jumapili ijayo nikae palepale.

3. Hii ndiyo imenifanya nishike kalamu. Baba mkubwa Andendekisye anamtafutia mke mwanawe Gwakisa, na Jumamosi tunakwenda Rujewa kuposa. Mshenga wetu siku zote ni mzee Kalinga, ukoo mzima umeoa kwa mdomo wake. Safari hii wamemweka pembeni, eti anaongea vizuri lakini mkono mtupu. Wamenichagua mimi. Nikasema siwezi kuongea mbele za watu. Baba mkubwa akasema, “Wewe weka mkono mezani, saa itaongea.”

Na binti mwenyewe ni Tumpe, yule anayeleta mchele hapa siku za gulio. Mjomba, huyo Tumpe namtazama tangu mvua za mwaka jana. Najua akipima mchele wa bibi kizee anaongeza kiganja halafu anaangalia pembeni. Hata kumsalimia sijawahi. Sasa neno langu la kwanza kwake liwe la kumwombea Gwakisa?

Kwa hiyo njoo kesho. Njoo mchana, watu wakiwepo, univue saa, useme kwa sauti kwamba niliichukua bila kukuuliza. Ukinizaba na kofi ni sawa. Hapo watamrudisha mzee Kalinga, na mimi nitarudi kwenye magunia yangu.

Wasalimie bibi, mama Adrian, watoto, na yule jirani yenu mwenye mbwa.

Mpwa wako anayekutii,
Lugano

NB: Usije mjomba. Basi liliniacha, barua ikabaki mfukoni, na leo Jumapili. Saa naomba ibaki, bila hiyo nani angenipandisha gari la Rujewa. Kule binti anaitwa mbele ya wazee, anaulizwa kama wageni anawajua. Tumpe akasema, “Namjua yule mmoja tu, ananitazamaga gulioni.” Baba mkubwa akakohoa sana. Gwakisa mpaka sasa haongei na mimi. Wazee wa kule wamesema twende tukapange upya nani anaoa, ndipo turudi. Lakini kabla hatujanyanyuka baba yake Tumpe aliuliza, mshenga unasemaje. Mkono wenye saa nilikuwa nimeukalia. Nikasema, ni kweli mzee, namtazama.

Tumpe akasema, “Kumbe anaongea.”