Daraja Lililoanguka na Sanduku Lililo Ng'ambo

Mheshimiwa Mwenyekiti,
Kamati ya Maoni ya Wananchi,

Salamu, na pole kwa kazi ya kufikiri. Mimi ni mshonaji wa mtaa wa bondeni, yule aliyewashonea suti za uzinduzi. Daraja letu la kuvukia korongo kwenda zahanati lilianguka miezi mitano iliyopita. Mkwe wangu, mke wa kitindamimba wangu, ana mimba ya miezi tisa, nami usingizi sipati kwa hofu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mlizunguka kwa gari saa mbili nzima kuja kutuuliza kama tunahitaji daraja. Tukasema ndiyo. Mkasema tuna pupa, kwanza tukubaliane misingi. Vikao vinne vikaisha tukibishana kama Utu utangulie Uwazi kwenye bango la misingi hiyo. Utu ulishinda kwa kura mbili. Bango ni zuri, ila halivukiki.

2. Mkaleta fomu, na sanduku la kuzitumbukiza mkaliweka ofisini kwenu, ng'ambo ya korongo. Waliolifikia ni majirani zenu wa huko huko, na wote wameandika kwamba hawaoni shida yoyote. Mkatangaza kuwa wananchi wamesema! Hivi hamna hata haya?

3. Nilipomlalamikia katibu wenu kwa kupaza sauti kutoka ukingoni, alinijibu kwamba maoni ya mdomo hayapokelewi.

4. Basi naomba, kwa heshima zote, Kamati yenyewe ilale korongoni tuipite. Nimepima kwa uzi na jiwe: ni futi ishirini na mbili. Vipimo vyenu ninavyo daftarini. Wajumbe wanne, kichwa kwa miguu, mnafika. Wewe Mwenyekiti ukae katikati, maana kwa kiuno kile hata mjamzito atakanyaga bila kuyumba. Kulala si kazi ngeni kwenu, nimewaona vikaoni.

Nisalimie katibu, wajumbe walio macho na wasio macho, na mama watoto.

Ni mimi, mwananchi mliyemshirikisha,
Mshonaji wa Bondeni

N.B. Asubuhi hii fundi seremala wetu amelaza mbao mbili juu ya korongo bila kumwuliza mtu. Tumechukizwa mno. Hakuitisha kikao, wala hatukupiga kura aanzie upande gani. Tumemwamuru azitoe, na kamati yetu ya watu tisa, mimi nikiwa mwenyekiti, itakaa Jumamosi. Mkwe wangu alikuwa keshafika katikati, tumemrudisha.