Ornella Asiende Baharini

Ijumaa, 12 Agosti
Kesho Ornella anakuja! Binti yangu wa pekee, toka Torino. Siku nne kwangu, kisha anataka kwenda Senigallia, baharini, kwa mama yake na Gualtiero. Gualtiero ndiye anayeishi na mama yake tangu tuachane. Ana mwavuli wake ufuoni, mstari wa mbele kabisa, na hachoki kuutaja. Mimi nina nini? Mji mzima wa wafinyanzi! Nimepanga: makumbusho asubuhi, fundi mchana, makumbusho tena jioni. Akishaonja hayo, bahari ataisahau. Gualtiero, safari hii umepatikana.

Jumamosi, 13 Agosti
Kafika. Kanenepa kidogo, kapendeza. Hata begi hajatua, akasema baba, tukae kwanza, nina jambo la kukwambia. Nikamwambia mambo yataongewa, makumbusho yanafungwa saa saba! Tukakimbia. Sahani za kale, nimemweleza moja baada ya nyingine. Chumba cha tatu akaomba kiti. Nikamwambia viti vya humu ni vya kutazamwa tu. Mezani kakataa divai. Divai yangu mwenyewe! Torino imemharibu huyu.

Jumapili, 14 Agosti
Balaa. Settimio, jirani yangu mfinyanzi, aliahidi kumfundisha Ornella kufinyanga. Nakuta karatasi mlangoni: tumefunga, likizo. Nikampigia. Yuko Senigallia! Nikamuuliza ahadi imekwenda wapi. Akasema we mzee una wazimu, fundi gani anashika udongo wiki ya Ferragosto, nchi nzima iko likizo? Pembeni yake kuna mtu akacheka. Kicheko kile nakijua, ni cha Gualtiero. Wako chini ya mwavuli mmoja!

Lakini ufunguo wa karakana ninao mimi, maana ndimi ninayemwagilia mirihani yake. Nikavaa aproni. Nikamdanganya Ornella kwamba siku hizi najifunza ufinyanzi kimyakimya, nitamfundisha mwenyewe. Nikakanyaga swichi ya gurudumu la kufinyangia. Mama yangu! Udongo ukaruka. Mwingine darini, mwingine kwenye gauni lake jeupe, na bonge moja likaangusha birika la harusi la mteja wa watu.

Ornella alicheka mpaka machozi. Halafu yakawa machozi kweli. Akasema baba, sikuja kuona vyungu, nimekuja kukuona wewe, huwezi kutulia hata kidogo? Nikamwambia nitatulia, mwanangu, ila kwanza tutafute gundi.

Jumatatu, 15 Agosti
Sikukuu ya Bikira Maria Kupalizwa. Watu wote wako mezani na bata bukini wao. Sisi tumesimama mlangoni pa makumbusho ya divai, kijiji cha pili, jua la kuua. Kumefungwa. Hata paka wa nchi hii anajua makumbusho hufungwa Jumatatu. Mimi pia najua. Nilidhani leo wangefungua kwa heshima ya Mama Maria.

Ornella hakunigombeza. Heri angenigombeza. Aliomba tu nimpeleke stesheni, akasema anahitaji kivuli. Nimerudi peke yangu. Bata yuko kwenye oveni, mzima. Sijamgusa.

Jumanne, 16 Agosti
Settimio kapiga simu. Nikajiandaa kutukanwa kwa ajili ya birika. Badala yake anapiga kelele: hongera, babu! Mjukuu anazaliwa mwezi wa kwanza! Gualtiero kanunulia ufuo mzima aiskrimu!

Nikajifanya najua. Nikasema aa, hilo, mbona la siku nyingi. Nikakata. Nikakaa jikoni nikalia, niseme ukweli. Ndilo alilotaka kuniambia akiwa bado na begi mkononi. Nilitakiwa kukaa tu kwenye kiti, basi. Gualtiero kalisikia kabla yangu kwa sababu yeye muda wote amekaa. Najuta sana.

Jumatano, 17 Agosti
Ornella kapiga mwenyewe! Nimemwomba radhi kwa moyo wote. Akasema yameisha, baba. Halafu, kwa sauti ya chini, akasema kuna jambo jingine, hajamwambia mtu, hata mama hajui, anataka nilisikie mimi kwanza.

Mimi kwanza! Nilitaka kuruka kwa furaha. Nikamwambia ngoja kidogo mwanangu, kabla hujasema: nimeshaongea na fundi wa vikapu, mwezi wa tisa yupo, na kuna makumbusho mawili yenye lifti, kwa hali yako hiyo. Akanyamaza. Nikaona ananisikiliza vizuri, nikaendelea na ratiba ya siku ya pili, na ya tatu, na nilipomuuliza aanze na vikapu au na lifti ndipo nikagundua kwamba alikuwa amekata simu.