Vitufe Vyangu Wameviona Wote Ila Mimi

Leo nimeaibika mpaka masikio yanawaka. Na kabla hujauliza nani amenikosea: ni mimi. Pia mume wangu. Pia Nakato wa kazini. Lakini zaidi ni mimi, na hilo ndilo linaniudhi.

Kwa wasionijua: sioni, tangu utotoni. Nakaa mtaa wa Gurei, nina mtoto mmoja mwenye meno mawili na hasira zangu, na nafanya kazi mapokezi katika kliniki moja ya mtaa wa Amarat. Kompyuta yangu ina kisoma skrini, yaani inanisomea sikioni kila kilichoandikwa. Shida ni ile programu ya kuandikisha wagonjwa. Aliyeitengeneza hakukipa kitufe hata kimoja jina, aliweka picha tu. Mimi nasikia: "Kitufe. Kitufe. Kitufe." Kitufe cha nini? Mungu ndiye ajuaye.

Nikaandika skripti. Hayo ni maelekezo unayokipa kisoma skrini: ukifika hapa, sema hivi. Nikavipa vitufe majina. Na kwa kuwa niliyasikia peke yangu, niliviita nilivyotaka. (Ungekuwa umefuta mgonjwa yule yule mara tatu, na wewe kitufe cha kufuta ungekiita Shetani.) Niliyaandika kwa Kiswahili, maana kazini wengi ni watu wa Kiarabu na Kiingereza. Akili nyingi, eti.

Sasa, skripti ni kama kupe. Mtoe kwenye ng'ombe, anakufa. Nje ya kompyuta yangu haikufanya lolote. Daktari Mutua, bosi wetu Mkenya, akaniambia wazi, "Mama Keji, siwezi kuwa na mapokezi yanayotegemea kompyuta moja na mtu mmoja. Tengeneza kitu ambacho kila mtu atatumia. Ukishindwa, unarudi kwenye bendeji."

Bendeji ni chumba cha nyuma. Unakunja bendeji asubuhi mpaka jioni. Nimekaa huko mwaka mzima. Sirudi!

Basi nikaigeuza skripti kuwa programu inayojitegemea, yenye dirisha lake na vitufe vyake. Anayeona aone, asiyeona asikie. Wiki tano, mtoto mapajani anapiga kibodi kwa kijiko. Na sikuwa mjinga! Nilijua yale majina hayafai mbele za watu. Nikapita kitufe kimoja kimoja nikayabadilisha, nikasikiliza mara kumi. Kiswahili nikakiacha, maana sisi wa mapokezi na daktari anayeidhinisha tunakijua. Andikisha. Idhinisha. Futa. Safi kama misa ya Jumapili.

Asubuhi nikamwambia mume wangu, "Lado, niangalizie skrini, iko sawa?"

Lado amekulia Khartoum. Kiswahili chake kinaishia kwenye "habari".

"Kuwes," akasema, "iko vizuri. Vitufe vimenyooka kama askari."

Kweli vilikuwa vimenyooka.

Saa nne tukakusanyika chumba cha mikutano. Daktari Mutua, Nakato Mganda ninayekaa naye mapokezi, Deng wa maabara, na wengine kama kumi. Projekta ikawashwa, programu yangu ikajaa ukuta mzima. Nikaweka kisikizi kimoja sikioni, nikaanza.

"Kama mnavyoona," nikasema. (Mimi!)

Nakato akatoa mlio kama mbuzi aliyekanyagwa.

"Nakato, nini?"

"Hakuna kitu, mama Keji. Wewe endelea tu. Hii kitu iko tamu sana."

Mnong'ono ukaanza kupita kiti hadi kiti, na kila ulipofika, mtu anakohoa. Nikachanganyikiwa. Nikagusa kifua: vifungo vimefungwa. Bega: mtoto hajanitapikia. Nikapitisha ulimi kwenye meno, labda mboga ya jana. Hakuna. Nikabonyeza, sikio likaniambia "Idhinisha", vizuri kabisa. Pembeni mtu anapenga kamasi kwa kulia. Nikajiambia, huenda ni furaha. (Msiniulize.)

Hasira zikapanda. "Daktari, njoo ujaribu mwenyewe! Kila kitu kimeandikwa wazi, hakuna kilichofichwa."

"Naona," akasema polepole. "Nibonyeze kipi? Hiki cha 'Mchelewaji Amefika, Aidhinishe'?"

"Hakuna kitufe kama hicho."

"Mama Keji, nakisoma."

"Basi ni miwani yako."

(Kwa bosi. Mbele ya watu.)

"Na hiki cha 'Peleka kwa Deng Mchoyo'?"

Deng, ambaye mnong'ono ulikuwa haujamfikia, akasikia jina lake. "De shunu, ni nini hii? Nimefanya nini?" Na Nakato, rafiki yangu, mtu niliyemshikia zamu alipougua malaria, akamtafsiria kwa Kiarabu. Neno kwa neno. Kwa sauti.

Hapo ndipo nikaelewa. Kitufe kina majina mawili: la sikio na la jicho. Mimi nilisafisha la sikio. La jicho lilibaki vile vile nilivyolitoa kwenye skripti, na sikuwahi kulisikia, kwa sababu kisoma skrini kikishapata la sikio, la jicho kinaliruka. Wiki tano nimefua upande mmoja wa shuka.

"Na pale chini imeandika Shetani," Nakato akaongeza, kama vile kuna aliyemuuliza.

Nikangoja kusikia neno bendeji. Badala yake nikasikia kiti kinavutwa. Daktari alikuwa anamkalisha Nakato kwenye kompyuta.

"Mwandikishe Deng kama mgonjwa."

Vidole vikagonga. Printa ikanguruma.

"Imekubali!" Nakato akapiga kelele. "Ile ya zamani ilikuwa inanishinda, hii mimi naweza peke yangu! Ugonjwa nimeandika uchoyo."

Deng hakucheka. Wengine walicheka hata kwa niaba yake.

Daktari akasimama. "Utabaki mapokezi. Majina yawe yamebadilika kabla ya chakula cha mchana. Na kuhusu muda wangu wa kufika..." Akajisafisha koo. "Mimi natoka Gumbo, ng'ambo ya mto. Daraja linajaa asubuhi."

Ulimi ulikuwa tayari na jibu. Nikaung'ata. "Ndiyo, Daktari."

Basi kazi ninayo. Heshima ndiyo sijui imeangukia wapi. Atakayeiona aniambie, na asicheke.