Malalamiko Kuhusu Mama Mkwe na Nyundo Yake

Kwako Shemeji, kaka wa marehemu mke wangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima. Tatizo ni mama yako.

Unajua alikuja kwangu baada ya mazishi ya dada yako, eti anipikie mpaka nizoee. Ukasema siku nikichoka nikuandikie, uje umchukue akaishi kwako. Nimechoka. Shule sikufika mbali, lakini makosa naweza kuyapanga.

1. Mama ameacha cherehani. Anasema uzi hauoni tena, ila bati analiona. Sasa anajifunza kuumba bati kwa nyundo. Hana mwalimu. Anaangalia video kwenye simu, halafu anagonga. Anataka kuitengeneza ile pikapu ya marehemu baba yenu, kisha aunde boti. Bibi mwenye wajukuu! Nikamuuliza, mama, boti ya kwenda wapi? Akasema, "Kwani wewe unakwenda wapi?" Mkwe haulizwi swali la namna hiyo.

2. Suruali yangu. Bati likitakiwa litune, hugongwa juu ya mfuko wa mchanga. Mfuko hakuwa nao. Akakata mguu mmoja wa suruali yangu ya kazi, akaushona chini, akaujaza mchanga, akaufunga juu. Mshono mzuri, sikatai. Nikasema basi nipe mguu uliobaki niufanye kitambaa. Akasema huo ni wa mfuko mdogo.

3. Vifuniko vya sufuria. Alianzia mazoezi jikoni. Amevigonga mpaka vina kina kuliko sufuria zenyewe. Siku hizi tunapikia kwenye kifuniko na kufunika kwa sufuria. Chakula kinaiva, lakini mgeni akiona ni aibu.

4. Toroli. Mimi saidia fundi, toroli ndiyo kazi yangu. Ilikuwa na mabonde yake, tumeshazoeana. Siku moja nikakuta kainyoosha, kaisugua, inang'aa kama kioo. Kesho yake zege likateleza lote, likamwagika kabla sijamfikia fundi. Msimamizi hakugomba. Aliinama, akajitazama humo, akachana nywele. Sasa wenzangu hawataki itiwe zege. Wanakuja kwa zamu kukagua meno. Mmoja, tunamwita Kijiko, akapaza sauti, "We, huyo mkweo hana binti mwingine?" Watu wakaganda. Mimi nikacheka. Nikacheka mpaka koleo likanidondoka. Tangu msiba sijacheka hivyo, tena mbele ya msimamizi. Namlaumu mama yako.

5. Pikapu. Injini haina, lakini mwili wote ameunyoosha. Madigadi laini kama yai. Ila mlango wa dereva ameuacha na bonde lake, lile la siku dada yako alipojifunza kuendesha akaivaa nguzo ya geti. Nikamwambia, mama, hapa umesahau. Akasema, "Hapo pameshanyooka." Hapajanyooka, Shemeji. Nimeweka rula. Na ukikaribia na nyundo anasimama mbele ya mlango, mikono kiunoni.

6. Boti. Hapa ndipo nilipokata shauri. Boti ina mbavu mbili, kushoto na kulia. Mama akatengeneza karatasi ya vipimo kama ya gauni, akaizungushia chaki juu ya bati, akakata vipande viwili. Akasahau kuigeuza karatasi. Wewe mtoto wa fundi cherehani, unajua yale magauni yanayotoka na mikono miwili ya kushoto. Ndiyo hayo. Tulipogundua alishagonga, mbavu zimeshatuna. Kutupa hataki. Akaugeuza mmoja, mbele ukawa nyuma, akaziunganisha kwa misumari ya ribiti. Sasa boti upande mmoja inakwenda, upande mwingine inarudi.

Tukaipeleka kwenye shimo la wafyatua matofali, lile lililojaa maji. Akasema niingie mimi, anataka uzito. Nikapiga kasia. Ikazunguka. Nikapiga upande wa pili. Ikazunguka vizuri zaidi. Mama yuko ukingoni anapiga kelele, "Nyoosha, baba, nyoosha!" Ninyooshe nini? Wafyatua matofali wakaacha kazi. Kila nikiwapitia wananiagiza vitu: "Ukirudi tuletee chumvi!" "Na sabuni!" Mama akacheka mpaka akakaa kwenye tope na gauni lake jipya. Mimi nikacheka nikameza maji. Tumerudi nyumbani tumelowa, tunashikana tusianguke, watu wazima, wafiwa. Hii ni tabia gani?

Kwa sababu hizo naomba kwa heshima uje umchukue mama yako haraka. Njoo na gari kubwa, vyuma ni vingi. Boti nitakusaidia kuisukuma. Kwako nafasi ipo, na majirani zako hawamjui bado.

Nisalimie mkeo, watoto, wakwe zako, na mlinzi wenu yule mwenye kikohozi, kama kimepona. Huku wote wanakusalimu, hata Kijiko, ingawa hakujui.

Ni mimi shemeji yako niliyeonewa,
Saidia fundi

Nyongeza: Barua hii imechelewa kutumwa. Jumapili mama alikwenda kushinda kwa mdogo wake. Nyumba ikanyamaza kama siku ile tuliyorudi makaburini. Nikakaa. Nikaosha kikombe. Nikakiosha tena. Mwisho nikatoa bati, nikashika nyundo ya mbao, nikaanza kugonga ubavu wa kulia mwenyewe. Karatasi nimeigeuza, usiwe na wasiwasi. Jirani akaita kutoka nyuma ya ukuta, "Mama, umesharudi?" Nikaendelea kugonga. Kwa hiyo usije kumchukua. Au njoo, lakini uje na bati, na ukiondoka uondoke peke yako.