Malalamiko Kuhusu Mtu Aliyeachwa Nje ya Duara

Haparanda, Sweden, Alhamisi, saa tisa alasiri
(ng'ambo ya mto, Finland, ni saa kumi)

Kwa Mheshimiwa Mtunzi wa Maswali ya "Je, Taarifa Zinatosha?",
Mtihani wa Kuingia Chuo Kikuu

Mheshimiwa,

Kabla hata ya kukujulia hali, naomba nikiri jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote. Katika mtihani wa masika, swali la ishirini na nne sikulijibu. Lilisema hivi: katika sherehe fulani, nusu ya wageni walikunywa kahawa na theluthi moja walikula keki, je, ni wangapi walifanya yote mawili? Wenzangu walitia alama kwenye E, yaani taarifa hazitoshi, wakasonga mbele. Mimi nilibaki nikimfikiria yule ambaye hakunywa kahawa wala hakula keki. Alifuata nini pale? Alisimama wapi? Alialikwa na nani? Mpaka kengele ikalia.

Jina langu ni Siiri Kenttä, umri miaka kumi na saba. Tangu darasa la kwanza nimesomeshwa kwa Kiswidi na kwa Kifini, na naona haya katika lugha zote mbili. Nakuandikia kwa heshima zote kuomba maswali yako yafutwe, kwa sababu zifuatazo:

1. Yameniharibia ulimi. Maswali yako hayataki jibu. Yanataka tu kujua kama jibu lingeweza kupatikana. Taarifa ya kwanza peke yake inatosha? Ya pili je? Au mpaka zishikane mikono? Juzi mama aliniuliza kama nina njaa, nikamjibu, "Taarifa hazitoshi." Akasema, "Haya mwanangu, viazi viko jikoni, kakusanye taarifa."

2. Yamenifanya jasusi katika nyumba ya wazazi wangu. Keshokutwa bibi yangu, Hilja, anatimiza miaka themanini. Mama anaalika kila mwenye kujua Kiswidi, na shangazi Tuula, anayekaa ng'ambo ya mto, anaalika kila mwenye kujua Kifini. Ndivyo tufanyavyo huku, kila ukingo na orodha yake. Jumapili walipigiana simu, nami nimekaa kwenye ngazi, soksi moja mguuni na nyingine mkononi. Mama akasema, "Wangu ni kumi na wanane, wifi." Shangazi, ambaye sauti yake haihitaji simu kuvuka mto, akajibu, "Wangu kumi na watano! Na usihangaike na mkalimani, theluthi mbili yao wanakijua Kiswidi kuliko wewe!" Mama akacheka, akakata simu, akamwagiza Bi Ragnhild wa duka la mikate keki ya mkate ya watu thelathini na watatu, ile ya chumvi, yenye tabaka za mkate, kamba wa baharini, mayai na majani ya bizari.

Mheshimiwa, wewe umeshaona. Theluthi mbili ya kumi na watano ni kumi. Hao kumi wamo katika orodha zote mbili, maana mama hakumwacha mtu yeyote mwenye Kiswidi. Wengine wao wamepata hata kadi mbili mbili. Mjomba Birger anatamba mtaani kwamba yeye anapendwa maradufu. Kumi na wanane, jumlisha kumi na watano, toa kumi: ishirini na watatu. Keki ya watu kumi itabaki, na bibi yetu, anayelamba hata kifuniko cha mtindi, hatakubali itupwe. Tutakula kamba mpaka wiki ijayo iishe.

Bi Ragnhild anapokea mabadiliko mpaka leo saa kumi na moja. Nami sijasema. Mama ni mpishi mkuu wa shule ya chekechea, na kwa miaka ishirini hajakosea hata sahani moja. Nitaanzaje kumwambia? Kama si maswali yako, ningekuwa sijui kitu, na asiyejua halaumiwi.

3. Hili ndilo linaloniuma, na nimeliweka la mwisho kwa woga. Wewe huchora duara mbili zilizopandiana, ukawagawa watu: hawa wa kushoto, hawa wa kulia, hawa wa katikati. Halafu unamwacha mmoja nje, huku ukutani, bila jina. Kadi zote za mama nilizibandika stempu mimi. Hakuna hata moja iliyokuwa na jina langu. Ukinijumlisha nami, niliye nje, walaji ni ishirini na wanne.

Kwa hiyo naomba maswali haya yafutwe mara moja. Ikishindikana, basi kila swali limtaje mtu wa nje kwa jina lake na kumpa kiti. Na ikishindikana hata hilo, apewe japo kikombe cha kushika, maana mikono mitupu kwenye sherehe ni mateso.

Nasikia hatua za mama ngazini. Barua zangu huwa nazificha chini ya kitabu cha ramani. Hii naiacha mezani, maandishi yakitazama juu.

Wasalimie wanywao kahawa, walao keki, wafanyao yote mawili, na zaidi yule mmoja.

Wako mtiifu mwenye kinyongo kidogo,
Siiri Kenttä

Nyongeza: Mama ameisoma akiwa amesimama. Alipoirudisha mezani nilidhani nimekwisha. Kisha akasema, "Theluthi mbili! Tuula kaniambia kabisa, nami nacheka tu." Halafu akauliza, "Lakini huyu wa ishirini na nne ni nani?" Nikasema ni mimi. Akashuka, akarudi na orodha zote mbili, yake na ile ya shangazi, iliyokuja kwa posta na ambayo hakuwa ameifungua. Katika ya mama, nimo wa pili, chini ya bibi. Katika ya shangazi, nimo wa kwanza kabisa, juu hata ya bibi: "Siiri wetu." Mama akasema, "Mtu wa nyumbani hupelekewa kadi, we mtoto?" Kumbe nilihesabiwa mara mbili, na nje hakuna mtu. Tafadhali usifute chochote, na kama kuna kijitabu cha maswali ya vuli, nitumie.

Mama alikataa kupiga simu. "Mwenye hesabu ni wewe, piga wewe." Nikapiga. Bi Ragnhild akauliza kama nina hakika kweli ni ishirini na watatu. Nikamwambia, kwa sauti ambayo hata ng'ambo ya mto waliisikia, kwamba taarifa zinatosha.