Vijiti Vinene vya Radi

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nimekalia kuti kavu. Miaka yote hii ngoma za bendi yetu ni zangu. Leo Kiongozi wetu, mpiga gitaa la besi, kaingia ukumbini na mgeni. Mabega kama kabati! Wanamwita Radi. Mchana anachomelea mageti. Jioni, eti, ni mpiga ngoma.

Kiongozi kasema Jumamosi tuna harusi kubwa. Alhamisi atatusikiliza wote wawili, kisha aamue nani ashike ngoma. Nikauliza kwa upole kama nina kosa lolote. Akajibu hapana, ila ukumbi wa harusi ni mpana, na mimi hupiga kama mtu asiyetaka kumwamsha mtoto.

Mimi!

Radi akapiga. Kuta zikaitika. Mwimbaji wetu akatabasamu, na yeye si mtu wa kutabasamu kabla ya kunywa chai. Nikamkazia macho Radi nijue siri yake iko wapi. Kumbe! Vijiti vyake vinene kama michi. Vyangu vyembamba, mtu angeweza kuchokolea meno. Basi si mtu, ni mti.

La kunitia homa ni Shangazi, ninayeishi kwake. Yeye ndiye aliyeshona magauni ya wapambe wa hiyo harusi. Keshawatangazia wateja wake wote kwamba mwanawe atapiga ngoma. Wengine wameahidi kuja kunitazama tu.

Sijamwambia kitu. Hakuna haja. Dawa ninaijua.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimekwenda duka la vyombo vya muziki. Muuzaji ni mzee mwenye subira ya kuudhi. Akaniambia nisichague kwa macho. Akavibingirisha vijiti juu ya kioo cha meza ili tuone kama vimepinda. Akavigonga kimoja kimoja na kuvisikiliza, akidai jozi nzuri hulia sauti moja. Akanieleza habari za ncha ya mbao na ncha ya plastiki, na uzito kukaa mbele au nyuma. Mwishowe akasema kijiti ni kama kiatu, cha mwenzio kitakutoa malengelenge.

Nikamshukuru. Nikanunua vinene kuliko vyote dukani.

Nyumbani nikafanya mazoezi juu ya mto wa kiti. Nguvu nilizozisikia! Dakika chache tu, mto ukapasuka, sufi ikatapakaa chumba kizima. Ulikuwa wa mteja. Shangazi akachungulia mlangoni, sindano mdomoni, akauliza napiga ngoma au natwanga. Nikamwambia huu ni muziki wa kisasa. Akanipa uzi na sindano, akasema na ushonaji una mambo ya kisasa, nianze hapo hapo.

Nimeshona huku nikitabasamu. Alhamisi watanijua.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Malengelenge. Mkono wa kulia manne, wa kushoto sitaki hata kuutazama.

Mazoezini nilipiga kwa hasira zote. Mwimbaji akasimamisha wimbo, akaniomba nimwambie amenikosea nini. Tukaanza upya. Jasho likanitoka, kijiti kikaponyoka, kikaruka juu ya kichwa cha Kiongozi na kutua ndani ya sufuria ya chai. Kiongozi alikitoa, akakikung'uta, akanirudishia. Afadhali angenitukana.

Radi pekee ndiye aliyenionea huruma. Akaniuliza kama mikono inauma. Nikamjibu haiumi hata kidogo. Yule mtu ana hila! Anajifanya mwema ili nilegee.

Basi nami nina hila yangu. Kesho nitawahi ukumbini kabla ya wote. Radi huacha vijiti vyake juu ya ngoma kubwa. Nitavipaka mafuta ya nazi anayopaka Shangazi nyweleni, kidogo tu. Vikimponyoka mara mbili tatu mbele ya Kiongozi, habari yake kwisha. Huu si uovu. Ni kujihami.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Nimejipalia makaa.

Mafuta niliyapaka vizuri mno. Vijiti vikang'aa kama viatu vya mchumba. Kiongozi akafika, akasema nianze mimi. Nikatoa vijiti vyangu vinene. Radi akaitazama mikono yangu, akashtuka. Akasema kwa sauti, kila mtu akasikia, "Kaka, hivyo vitakuua. Chukua vyangu, vimeshalainika kwa kutumika."

Nikakataa. Akasisitiza. Nikakataa tena. Kiongozi akasema niache maringo, nishike vijiti vya watu nipige.

Nikashika.

Cha kwanza kilitokea dirishani kabla ya wimbo kuanza. Cha pili kilifika hadi ubeti wa kwanza, kisha nacho kikapita dirishani. Nje mtu akapiga yowe. Nikabaki nimekaa, mikono mitupu inanukia nazi.

Zamu ya Radi ikafika, naye sasa hana vijiti, na vile vinene vyangu vimeshapata mafuta mikononi mwangu. Akaniomba vile vyangu vya zamani, vyembamba, vilivyokuwa chini ya begi. Nikampa, nikashangilia moyoni. Akajaribu. Vikamcheza, vikamkwama, akakosa mapigo, akacheka mwenyewe.

Ndipo akanyoosha mkono wa kulia. Vidole viwili havikunjiki. Geti lilimwangukia karakanani, akaniambia, tangu hapo hawezi kukamata kitu chembamba. Vinene si kwa ajili ya kelele. Ni kwa sababu ndivyo anavyoweza kuvishika. Akanirudishia vyangu kwa heshima, kama mtu anayerudisha mtoto wa mwenzake, akasema Jumatatu alinisikia navyo tangu akiwa nje, akasimama kwanza hadi wimbo ukaisha, ndipo akaingia.

Nilikwenda kumtafutia vijiti vyake chini ya dirisha, nikavifuta kwa shati langu.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Kiongozi kaamua. Radi atapiga. Mimi nitakuja na bendi, nibebe nyaya, nikae karibu.

Nilimweleza Shangazi. Akamaliza pindo alilokuwa akishona. Kisha akasema yeye aliwaambia wateja kwamba nitakuwapo, na nitakuwapo, basi hajasema uongo. Akanipigia pasi shati. Nikavitia vijiti vyangu vyembamba mfukoni. Mazoea tu.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Ukumbi umefurika. Radi kapiga vizuri, sina budi kukiri. Bibi harusi akasimama kucheza na baba yake, na hapo hapo umeme ukakatika!

Maikrofoni kimya. Magitaa kimya. Mwimbaji akaendelea kwa sauti yake tupu, lakini Radi kila akigusa ngoma anamfunika. Akajaribu polepole. Bado. Akageuka, akaniita kwa kichwa, akashuka. "Kaka, hapa panataka mkono wako."

Nilikaa alipokaa yeye. Nikapiga kwa ncha tu. Malengelenge yaliwaka moto, lakini vijiti vikaenda vyenyewe. Nilimsikia mwimbaji akivuta pumzi. Nilisikia hata viatu vya baba wa bibi harusi vikiburura sakafuni. Hakuna aliyekohoa. Wimbo ulipoisha, Shangazi alikuwa amesimama juu ya kiti, anapiga vigelegele.

Kiongozi kasema kuanzia sasa tutapiga wote wawili, kila mmoja nyimbo zinazomfaa. Radi akanikumbatia hadi mbavu zikalia.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Nimelala vizuri, nimeamka na akili iliyotulia. Nimetafakari ya jana kwa kina. Kwa nini nilipiga vile?

Vijiti? Hapana. Ni vile vile vya siku zote.

Ndipo nikakumbuka. Kile kiti! Radi hukishusha chini kuliko mimi, na jana sikupata nafasi ya kukipandisha. Siri yote iko kwenye urefu wa kiti! Nikikaa chini kuliko hata yeye, nani ataniweza?

Shangazi kaenda kanisani. Stuli yake ya kushonea ina kimo karibu na ninachokitaka, na jirani kaniazima msumeno. Nimekata mguu wa kwanza. Umekuwa mfupi kidogo kuliko nilivyopanga.

Si kitu. Bado mitatu.