Gari Moja Tu, Amesema Gundula

Ijumaa, 27 Oktoba
Mke wangu Gundula amekubali! Gari moja, si mawili. Sharti: limbebe mama yake na sinia lake la keki ya vitunguu hadi kanisani. Muuzaji ananiazima yote mawili wikendi hii. La kwanza ni gari la spoti la hapa hapa Ujerumani: viti vinne, buti la maana, hata theluji haliogopi. La pili ni Mtaliano mwekundu wa safari ndefu, silinda kumi na mbili. Ile sauti! Nusura nilie. Tena la Kijerumani analo tayari shemeji yangu Eberhard. Bora nitembee kwa miguu kuliko kumwiga yule.

Jumamosi, 28 Oktoba
Siku ya Mjerumani. Nimerudisha kiti changu nyuma kabisa ili mama mkwe abanwe. Wapi! Kajikunja kama paka, kakumbatia sinia, kaniuliza mbona naendesha kama mzee. Keki salama. Nimechukia.

Jumapili, 29 Oktoba
Siku ya Mtaliano. Mama mkwe kaingia vizuri. Kutoka ndiyo kazi! Wanakwaya watatu wamemvuta, yeye anacheka mpaka machozi. Keki yote imeishia kwenye viti vya ngozi nyeupe. Eberhard kauliza hili ni gari au sahani. Gundula kanuna. Nikamwambia viti vimeshachafuka, sasa ni lazima tulinunue. Nimeshinda!

Jumanne, 31 Oktoba
Mtaliano ni wangu! Na akili ninayo: nimechukua namba za msimu, zinazotumika Aprili mpaka Oktoba tu, kodi inapungua. Eberhard analipia mwaka mzima, bwege yule. Nimezunguka mji mpaka giza, kisha nikaliegesha mbele ya dirisha lake. Aamke nalo!

Jumatano, 1 Novemba
Oktoba imekwisha. Hilo sikuliwaza. Namba zikishalala, gari haliruhusiwi hata kusimama barabarani, na sisi hatuna gereji. Eberhard katoka na ndara, kaziangalia namba, kacheka mpaka kashika ukuta. Akasema usijali shem, kwangu kuna nafasi, utalichukua Aprili. Tumelisukuma pamoja, majirani wanapiga makofi. Gundula kasema anatumaini nimejifunza.

Nimejifunza sana! Kesho nampigia muuzaji. Nachukua na lile la Kijerumani, namba za Novemba mpaka Machi. Barabarani litakuwa moja tu mwaka mzima, kama Gundula alivyotaka.